Ekari moja, mikasi miwili: kisa cha zabibu zilizokataliwa Machi

Kisa hiki kilianzia getini kwa kiwanda cha mvinyo, kabla hata sijaliona shamba lenyewe. Ilikuwa katikati ya Machi, saa tano asubuhi, na pikapu yenye kreti 41 za zabibu nyekundu ilikuwa imeegeshwa juani, maana kivuli cha geti kilishawahiwa na malori mawili. Kijana wa maabara akachomoa punje chache kutoka kreti tatu tofauti, akazikamulia kwenye kikombe, akadondosha tone moja kwenye kioo cha rifraktometa na kukiinua kifaa mwangani. Briksi 16, yaani sukari kama sehemu 16 kwa kila mia ya maji ya zabibu. Mnunuzi alikuwa ameshatangaza kuwa hapokei chini ya 18. Kreti zikarudi zilikotoka.

Mwenye mzigo, mama mmoja anayelima njia ya Iringa, kusini mwa jiji la Dodoma, hakubishana. Alinigeukia mimi, niliyekuwa nimefuata mapipa yangu, akaniuliza: "Baba, hizi si ndizo zile zile mlizokuwa mnazigombania Agosti?"

Nilikumbuka. Agosti iliyotangulia mzigo wake ulisoma 22. Mizabibu ile ile, udongo ule ule, mikono ile ile, na katikati imepita miezi saba tu. Kwa mtu anayetengeneza mvinyo, pengo hilo ni kubwa mno. Zabibu za 22 zikichachuliwa hadi sukari iishe hutoa mvinyo wa kileo cha asilimia 12 na ushee. Za 16 hutoa asilimia 9, mvinyo mwembamba, wenye harufu ya majani mabichi na rangi ya maji ya rosela yaliyozimuliwa. Hauchukui muda kuharibika.

Kila mmoja alikuwa na mshitakiwa wake. Mama alisema udongo umechoka. Jirani yake alisema mbegu ya Makutupora imezeeka, ang'oe apande Syrah. Mnunuzi alisema wakulima wanazidisha mbolea ya chumvichumvi ili vichala vijae maji. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeona majani mekundu yaliyojikunja kwenye mashamba mengine, nilitamka neno "virusi" kwa kujiamini kabisa. Ilinichukua mwaka na nusu kulirudisha neno hilo mdomoni.

Anayesoma haya bila kuifahamu Dodoma lazima kwanza aelewe jambo moja, maana kisa chote kinaning'inia hapo. Mizabibu ya mvinyo duniani imelundikana kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kaskazini na kusini mwa ikweta. Huko kuna majira ya baridi yanayoilaza. Mmea unapukutisha majani, unaweka akiba ya wanga kwenye shina na mizizi, unalala, kisha joto linauamsha. Dodoma iko nyuzi 6 kusini. Kati ya siku ndefu na siku fupi kuliko zote za mwaka hakuna hata tofauti ya saa moja. Kinachotuokoa ni mwinuko wa mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na ukame. Mapadre Wakatoliki waliopanda zabibu Bihawana kwa ajili ya divai ya misa waliligundua hilo kwa vitendo: mzabibu wa hapa haupati baridi ya kuulaza, kwa hiyo haulali, unasubiri mkasi. Ukiupogoa, macho ya matawi (vichipukizi) yanaamka ndani ya siku chache, na baada ya miezi minne hivi una zabibu mbivu. Ukiupogoa tena, unaanza upya. Ndiyo maana mkulima wa Dodoma anavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mwenzake wa Ufaransa hawezi kuliota.

Mara mbili, basi. Lakini hayo si mavuno mawili yanayofanana, na hapo ndipo mama yule aliponaswa.

Nilikwenda shambani wiki iliyofuata. "Mbukwenyi," nikabisha hodi kwa Kigogo changu cha kubahatisha, akacheka, akanipa kigoda. Ekari yake ni kipande chembamba kinachoshuka kutoka kwenye majabali ya granaiti kuelekea mbugani. Macho hayaoni mteremko, ila maji ya mvua yanauona. Mizabibu imefungwa kwenye waya juu ya nguzo za miti, na nguzo nyingine zimeshaliwa na mchwa zikabaki zinaning'inia kwenye waya zinazotakiwa kuzishikilia. Nilichukua udongo wa kupima juu, karibu na njia, penye kivuli cha mwembe. Hilo lilikuwa kosa langu la pili. Udongo wa juu ulikuwa mzuri, na kwa karibu mwezi mzima niliendelea kuamini kwamba shamba zima ni zuri.

Aliyenirekebisha ni mama mwenyewe. "Umechimba kwa wageni," alisema. "Twende kwa wenyeji."

Tukachimba mashimo matatu. La juu lilikuwa na kichanga chekundu chenye chembechembe za granaiti, na mizizi ilikwenda chini kupita mita moja bila kugeuka. Maji hupita humo haraka na rutuba ni haba, lakini mzabibu haulalamikii umaskini wa namna hiyo. La kati lilikuwa la kahawia, linashikamana kidogo ukilifinyanga. La chini ndilo lililotuchelewesha chakula cha mchana. Sentimita 40 za mwanzo ni mchanga wa kijivujivu, laini kama majivu. Halafu sululu ikalia kama imegonga bati. Kulikuwa na tabaka gumu, na chini yake udongo mzito wenye madoa meupe. Nilidondosha siki kwenye doa moja (mtu wa mvinyo hakosi siki nyumbani, apende asipende) na povu dogo likatoka. Chokaa. Mizizi iliyofika kwenye lile tabaka ilikuwa imepinda na kutambaa juu yake kama inatafuta mlango.

Mpangilio huu haukuanza kwa mama. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani kule Usambara, aliona kwamba kwenye vilima vya Afrika Mashariki udongo hubadilika kwa utaratibu ule ule kutoka kileleni hadi bondeni, ukajirudia kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 akaupa jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Juu mwekundu na mwepesi, katikati wa kahawia, chini wa kijivu, na mbugani mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa kiangazi na kunata masika. Kinachoondolewa juu na maji hutua chini, chumvi na chokaa vikiwemo. Wagogo hawakumsubiri Milne. Wazee wanasimulia kwamba jina lenyewe la Dodoma limetokana na "idodomya", yaani limezama, baada ya tembo aliyekuja kunywa maji kudidimia kwenye tope. Mji uliopewa jina kwa sababu ya tabia ya udongo wake ungetufundisha tuuheshimu. Mashariki kidogo tu, Kongwa, Waingereza walianza mwaka 1947 kufyeka pori kwa matrekta ili walime karanga kwa wingi usio na mfano. Mvua ikawaangusha, na jua lilipopiga udongo ukakauka kama tofali hata karanga zikawa hazing'oleki. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa.

Kwa hiyo ekari ya mama ni mashamba mawili yaliyofungwa kwa uzio mmoja. Theluthi mbili za juu ni za mzabibu. Theluthi ya chini ni ya kitu kingine, na nitairudia.

Lakini udongo, pamoja na visa vyake vyote, haukueleza yale 16 ya Machi. Mistari ya juu, yenye udongo mzuri, nayo ilikuwa imesoma 16. Hapo nikamwomba mama anikumbushe tarehe. Hana daftari, ila ana kumbukumbu za mambo mengine. Mkasi wa kwanza alipitisha baada ya Pasaka, mvua zinapokata. Mavuno yakawa mwishoni mwa Agosti. Mkasi wa pili? "Nilisubiri mawingu." Alisubiri mawingu kwa sababu pampu ya kisima inakunywa petroli, na kuanzia Septemba hadi mvua zinaposhuka kila tone linalofika kwenye mizizi ni la kununua. Akapogoa katikati ya Novemba, mvua ilipoanza kunukia.

Hesabu siku 120 kutoka katikati ya Novemba. Unatua katikati ya Machi.

Sasa weka hali ya hewa juu ya hesabu hiyo. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka wa kawaida, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Mizabibu ya Novemba huchanua wiki tano au sita baada ya mkasi, yaani mwishoni mwa Desemba, wakati majani hayakauki tangu jioni hadi asubuhi. Huo ndio msimu wa ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu. Unaanza na doa la njano lenye mng'ao wa mafuta juu ya jani, chini yake pamba nyeupe, na kichala kinachochanua kikiguswa kinakuwa kahawia na kudondoka. Mama alipuliza salfa. Salfa inafaa kwa ubwiri unga. Kwa ubwiri vinyoya unahitaji dawa yenye kopa, na unapuliza kabla mvua haijanyesha. Majani yaliyonusurika yalibaki na matundu, na jani ndilo jiko la sukari.

Punje zilipoanza kubadilika rangi Februari ilikuwa inaishia, mawingu yamefunika, na mizizi inanyonya maji kila siku. Usiku wa miezi hiyo kipimajoto hakishuki sana chini ya nyuzi 18 au 19. Usiku wa Julai hufika 13 au 14, na wageni waliokuja na shati moja hushangaa. Ule ubaridi ndio unaotunza asidi ndani ya punje na kusaidia ganda kujenga rangi. Mmea hupumua usiku pia, na joto la usiku huchoma asidi ya maliki kama mshumaa uliosahaulika. Zabibu za Agosti zinaiva chini ya anga jeupe, mchana mkavu, usiku wa koti. Za Machi zinaiva ndani ya shuka lenye unyevu.

Halafu kuna woga. Vichala vikaanza kupasuka na kuoza, mama akaona hasara inakuja, akavuna kabla ya wakati. Ningekuwa yeye ningevuna pia. Ile 16 haikuwa mwisho wa sukari ambayo mmea ungeweza kuifikia. Ilikuwa sukari ya siku aliyokata tamaa.

Na kuna deni lililofichika. Mzabibu uliovunwa unahitaji kubaki na majani kwa wiki kadhaa ili ujaze tena wanga kwenye shina. Mama alipovuna katikati ya Machi na kupitisha mkasi tena baada ya Pasaka, aliupa mmea wiki chache tu, tena kwa majani yenye matundu. Kwa hiyo hata zile 22 za Agosti alikuwa anazikopa. Nilipopima unene wa matawi ya mwaka kwenye mistari ya katikati, mengi yalikuwa membamba kuliko penseli. Kwenye joto la kwetu macho ya ncha ya tawi ndiyo huamka kwanza na kuyazima ya chini, na kwenye shina lililoishiwa akiba tabia hiyo huzidi: ncha zinachipua, katikati pana upara. Jirani aliuona upara huo akauita uzee wa mbegu.

Basi nikatoa ushauri, na ushauri wenyewe ulikuwa mwepesi kwangu kwa kuwa petroli hainunuliwi na mimi. Pogoa wiki ya kwanza ya Oktoba. Mizabibu itachanua katikati ya Novemba, kabla ya mvua. Itaiva mwanzoni mwa Februari. Kila anayelima Dodoma anajua kwamba miaka mingi mvua husimama kati ya mwisho wa Januari na Februari, wiki mbili, wakati mwingine tatu, mahindi yanajikunja na watu wanaangalia juu. Kikavu hicho kinachomnyima mkulima wa mahindi usingizi ndicho mkulima wa zabibu anachotakiwa kukilenga. Ukivuna ndani yake, mmea unabaki na majani kuanzia Februari hadi Aprili, unajaza akiba yake, na Agosti inafaidika pia.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Na maji ya Oktoba na Novemba?"

Twende kisimani, basi. Kisima kiko chini kabisa, ukingoni mwa mbuga, kwa sababu maji yanapatikana huko. Ukiyaonja hayana kosa kubwa, uzito kidogo tu ulimini. Kipimo changu cha kalamu, kinachopima chumvi kwa namna maji yanavyopitisha umeme, kilisoma desisimensi 1.4 kwa mita. Mzabibu huanza kupunguza mavuno pale chumvi ya udongo kwenye mizizi inapopita desisimensi 1.5, na kila desisimensi moja inayoongezeka huondoa karibu sehemu moja ya kumi ya mavuno. Maji ya 1.4 yakipita kwenye kichanga chekundu cha juu, ukiyamwaga kwa wingi kidogo, yanasukuma chumvi chini na mambo yanaendelea. Yakifika kwenye tabaka gumu la mistari ya chini hayana pa kwenda. Jua na upepo wa Agosti na Septemba, ule upepo wa Dodoma unaotia mchanga kwenye chai, huyanyonya maji na kuiacha chumvi. Tuliinama kwenye mpira wa matone mstari wa 19. Kila tundu lilikuwa na duara la unyevu la upana wa sahani, na pembezoni mwa duara ukingo mweupe, mwembamba, kama chumvi kwenye kingo za sufuria ya maharage.

Hapo mama akaniambia jambo lililonifumbua macho kuliko vipimo vyangu. "Huku chini mvua ya kwanza huwa inaunguza." Nilidhani ni msemo. Ilikuwa elimu. Manyunyu ya kwanza ya Desemba hayatoshi kuiosha chumvi hadi chini. Yanaiyeyusha pale pembezoni na kuirudisha katikati, juu ya mizizi. Siku mbili baadaye kingo za majani zinakuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Dawa yake, kwa anayeweza, ni kuacha mipira ikidondosha maji hata kama inanyesha, mpaka mvua nzito ifike. Mueleze hivyo mtu anayenunua petroli kwa lita, uone atakavyokutazama.

Na hapa kisa kikageuka kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimeuona msimu wa mvua kama adui na kiangazi kama rafiki. Lakini zabibu nzuri za Agosti ndizo zinazomwagiliwa, kwa hiyo ndizo zinazoweka chumvi ardhini. Mvua inayoharibu zabibu za Machi ndiyo inayoisafisha chumvi hiyo bure. Ukiongeza umwagiliaji wa Oktoba na Novemba kama nilivyoshauri, unaongeza chumvi. Ushauri wangu ulikuwa unafaa mistari 14 ya juu. Kwa mistari ya chini ulikuwa unaharakisha kifo.

Tukagawana shamba. Juu, mkasi wa Oktoba. Chini, mavuno moja tu kwa mwaka, yale ya Agosti, na msimu wa mvua mizabibu ibaki na majani yake bila kubebeshwa matunda. Mama hakuipenda sehemu ya pili. Niliyaona macho yake yakihesabu kreti.

Nisipoieleza Agosti iliyofuatia vizuri nitakuwa nimedanganya, kwa sababu matokeo yake yalinitia aibu mbele yake. Tulivuna juu na chini siku moja, kila upande kreti zake. Juu tukapata 22 na nusu. Chini, kwenye udongo niliokuwa nimeulaani, rifraktometa ikasoma 24. Mama alinitazama bila kusema neno. Punje za chini zilikuwa ndogo, ganda nene, zimenyimwa maji mpaka sukari ikajikusanya. Mnunuzi anayelipa kwa kipimo hicho angezichagua hizo kwanza.

Nikachukua ndoo mbili za lita 20, moja ya kila upande, nikachachua pembeni kwa hamira ile ile, kwenye chumba kimoja. Mchuzi wa juu, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, ulikuwa na pH ya 3.6 (pH ni kipimo cha asidi, ikipanda ukali wa asidi umepungua), ambayo kwa nchi ya joto si haba. Wa chini ulisoma 4.0. Tofauti ya 0.4 inaonekana ndogo kwa asiyeifahamu kazi hii. Salfa tunayoitia kuulinda mvinyo hufanya kazi kwa sehemu yake ndogo tu, na sehemu hiyo hupungua pH inapopanda. Kutoka pH 3.2 hadi 3.8 tayari unahitaji karibu mara nne ya salfa ili upate ulinzi ule ule. Kwenye 4.0 unautia kiasi ambacho mnywaji atakisikia puani, au unauacha uwe mawindo ya bakteria. Ningeweza kuongeza asidi ya tartari, gramu moja kwa lita ikishusha pH kwa takriban 0.1, lakini hesabu ya kushusha yote ilikuwa ya mvinyo wenye ladha ya limao na chumvi. Ndiyo, chumvi. Ukiuonja ule wa chini, mwisho wa ulimi kulikuwa na kitu kama mchuzi wa samaki uliopoa. Desemba ndoo ya juu ilikuwa bado ina wekundu wa plamu na harufu safi. Ya chini ilikuwa imeanza kuwa kahawia pembezoni na kunuka kama pango la panya.

Rifraktometa haijui kutenga sukari na kitu kingine. Inasoma namna mwanga unavyopinda ndani ya kimiminika, basi. Getini ile ya chini ingepita ikishangiliwa, na miezi mitatu baadaye mtu fulani kiwandani angejiuliza tangi namba fulani limepatwa na nini. Sehemu kubwa ya zabibu za Dodoma huuzwa hivyo, au kama mchuzi uliokwisha kukamuliwa na kukaa kwenye matangi ya wakulima ukimsubiri mnunuzi, na huko kwenye tangi la pamoja mstari wa 4 na mstari wa 19 huwa kitu kimoja. Tunalalamika kwamba mvinyo wetu mkavu hautabiriki, kisha tunakimbilia kutengeneza mtamu, ambao walaji wengi wa nyumbani wanaupenda na ambao utamu wake unafunika mengi. Kwa maoni yangu hiyo ni njia halali ya biashara. Ila haitatufundisha udongo wetu.

Februari ikafika. Mvua ikasimama siku nne baada ya tarehe niliyoitaja, ambayo kwa utabiri wangu ni ushindi. Mistari ya juu ilisoma 19 na nusu, vichala vikavu, hakuna kuoza kwa kutaja. Zikapokelewa getini. Mvinyo wake haukuwa wa kujivunia, asidi yake ni legevu kuliko ya Agosti na rangi yake ni ya katikati, lakini ni mvinyo. Kwa Chenin Blanc, zabibu nyeupe ya Ufaransa ambayo asili yake bonde la Loire imeiachia asidi nyingi, nadhani mkasi wa Oktoba ungelipa zaidi kuliko kwa Makutupora nyekundu. Kituo cha utafiti cha Makutupora, ambacho leo kiko chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kinazo zote mbili, na atakayetaka kuniumbua aanzie pale.

Jambo moja hatukuliwaza, mimi wala yeye. Mwanzoni mwa Februari hakuna shamba lingine jirani lenye zabibu mbivu, kwa kuwa wote walipogoa Novemba. Kwenzi wa kijiji kizima walihamia kwake. Walikula kreti kama sita kabla hajawaweka wajukuu wapige madebe kuanzia alfajiri. "Umenifanya nivune wa kwanza," alisema, "ukanifanya niwe hoteli." Majirani wawili wamesema nao watapogoa Oktoba ijayo, na hilo likitokea ndege watagawana.

Petroli ilikula sehemu nzuri ya alichokipata. Faida ilibaki, lakini nyembamba, na bado naamini ingekuwa nene kama angekuwa na tangi la kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye yale majabali ya juu, maji yasiyo na chumvi, kuliko kuyasubiri yapite chini ya ardhi yakajichafue njiani. Ameshaanza kukusanya mawe.

Kuhusu mistari ya chini hatujakubaliana. Mimi nasema ing'olewe, apande mtama. Yeye anasema shina la miaka kumi na moja haling'olewi kwa sababu ya ndoo ya lita 20 ya mtu mwingine. Tulichokubaliana ni kwamba kreti zake haziji tena kiwandani. Agosti iliyopita nilipita njia ya Iringa nikamkuta binti yake kando ya barabara, meza ya mbao, zabibu nyeusi ndogondogo zimepangwa kwenye sahani za plastiki. Basi likasimama, abiria akanyoosha mkono dirishani, akaonja moja.

"Tamu hizi," akasema. "Nipe sahani mbili."